Kitenzi cha Jiwe

Persimmon Hollow, Oklahoma
Jumatatu, 10 Oktoba 1994

Mpwa wangu Lorene,

Posta leo imefungwa kwa heshima ya yule baharia Mzungu aliyepotea njia akadai ametugundua sisi wenyeji wa bara hili, kwa hiyo barua hii itaondoka kesho. Afadhali. Ningeituma leo ingeunguza mfuko wa tarishi.

Jana baada ya ibada tulikwenda kwa jirani yangu Dovie Blackfox kusikiliza redio, kile kipindi chetu cha Jumapili. Sebule ilijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi za nje. Walikuwa wametangaza kwamba watarusha sherehe ya Tahlequah, makao makuu ya Taifa letu la Wacherokee, ya kurudishwa kwa wafu wetu waliofukuliwa hapa bondeni. Nilivaa shati jeupe. Dovie akanicheka: "Amos, unadhani redio itakuona?" Nikamwambia mama yangu anarudi leo, siwezi kumpokea nimevaa fulana.

Nimengoja miaka hamsini. Unajua habari hii lakini nitakuandikia tena, maana naona umeisahau. Serikali ilipojenga bwawa na kulizamisha bonde la chini, walituahidi makaburi yatahamishiwa kilimani. Mimi nilikuwa Italia vitani, nikiwapigania haohao. Niliporudi, mama yangu hakuwa kilimani wala hakuwa chini ya maji. Wataalamu walikuwa wamepita kabla, wakamfukua, wakampeleka mashariki kwenye makumbusho ya chuo chao, eti kwa uchunguzi. Wanachunguza nini nusu karne? Quatie Tehee alikuwa mwanamke wa kulima mahindi. Wangeniuliza mimi ningewaambia yote kwa siku moja.

Basi ukasimama wewe. Mjumbe wa Baraza la Taifa, damu ya dada yangu, niliyekulea kwa mikono hii baada ya mama yako kufariki. Ukashika kipaza sauti, ukasema kwa lugha yetu, "Leo tumevipokea walivyotupa."

Tumevipokea! Kwa kitenzi cha jiwe! Hapa bondeni mtoto anayetambaa anajua kwamba kumpokea mtu kuna kitenzi chake, nguo ina chake, maji yana chake, fimbo ina chake, na kitu kigumu kisicho na uhai kina chake. Mimi nilifundishwa na mama huyohuyo kwamba mfu wetu ni mtu, tunamsema kama mtu. Wewe ukampokea kama tofali. Tahlequah wakapiga makofi, niliyasikia. Sebuleni kwa Dovie hakuna aliyepiga. Ned Sequichie alitazama viatu vyake kana kwamba vimemwomba radhi. Umenivua nguo mbele za watu, Lorene, na shati jeupe likiwa mwilini.

Kama ofisi imekula ulimi wako, sema. Kama kuna mtu wa ofisini aliyekuandikia hotuba, mlete nimfundishe kwa fimbo, na nitamtajia kitenzi cha fimbo kila ninapompiga.

Nijibu kwa herufi zetu na kwa mkono wako. Usipige simu. Simu ya duka la Maxine husikilizwa na bonde zima.

Mjomba wako,
Amos Tehee


Tahlequah
17 Oktoba 1994

Mjomba,

Barua yako niliisomea chooni, maana ndiyo sehemu pekee ya jengo hili ambako hakuna anayenifuata na karatasi ya kusaini. Niliisoma mara mbili. Mtu wa chumba cha pili aliniuliza kama niko salama.

Hotuba niliandika mwenyewe, na ulimi wangu uko mahali pake. Nilichokisema nilikisema polepole, neno moja moja, ili kisikike vizuri. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Nimekuwa na wiki ya kukimbizana. Zahanati ya kwenu inahitaji mashine nyingine ya kusafisha figo. Wagonjwa wanaendeshwa kwenda mjini na kurudi wakiwa wametapika njia nzima, na kuna wajumbe wanaoniuliza kama jambo hilo ni la dharura. Nimewaambia wakae siku moja kwenye gari lile ndipo waniulize tena. Walimu wa lugha nao bado wanafundishia kwenye chumba kinachovuja. Nimepigana huko kote, Mjomba, na mjumbe mwenzangu Harlan Vickery akaniita mama mwenye kelele. Nimezoea.

Habari za kuzika: naomba ungoje. Masanduku yamefungiwa hapa kwenye chumba chenye kufuli, na kuna mambo ya utaratibu hayajakamilika. Usichimbe bado. Ardhi itakapolegea baada ya baridi tutaona.

Kifua kinaendeleaje? Dovie anakupikia, au bado unaishi kwa kahawa?

Mpwa wako,
Lorene Ketcher


Persimmon Hollow
22 Oktoba 1994

Lorene,

Utaratibu! Neno hilo ndilo waliloniambia mwaka arobaini na sita, nilipokwenda na sare yangu ya jeshi kuuliza mama yangu yuko wapi. Kijana wa ofisini hakuinua hata kichwa. "Kuna utaratibu." Sikutegemea kulisoma tena kwa herufi zetu wenyewe, kwa mwandiko niliokufundisha mimi.

Kaburi tayari limechimbwa. Wanaume walikuja Jumamosi iliyopita, ujima kama kawaida yetu, kila mtu na koleo lake, na Dovie akaleta mkate wa maharage na nguruwe wa kukaanga. Tumechimba pembeni ya dada yangu, yaani mama yako. Udongo wa hapa una mawe, unajua, watu wamevunja mipini. Sasa nikawaambie nini? Kwamba mjumbe wetu anasema tungoje baridi ipite?

Nakumbuka ulivyogombea mara ya kwanza. Ulizunguka karamu zote za wilaya na lile gari lisilo na breki. Vickery akasimama pale shuleni akasema wanawake walete pai, maneno wawaachie wanaume. Ukamjibu, "Pai nimeleta, Harlan, iko pale mezani, na kura nimekuja kuchukua." Watu walicheka hadi wazee wakashika mbavu. Halafu ukasema, "Nikiingia Baraza, nitamrudisha bibi yangu." Hukuahidi barabara wala zahanati, ingawa vyote umevileta. Uliahidi hilo moja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nikatoka nje ili watu wasinione.

Leo bibi yako amefungiwa kufuli Tahlequah, na wewe unaniuliza habari za kahawa.

Sisi ni ukoo wa Mbwa-mwitu, na kwetu ukoo hutoka kwa mama, kwa hiyo tumepewa na yeye. Bila yeye hatuna tunakotoka. Kama ninyi wenye viti vya ngozi mmesahau, mimi sijasahau. Jumamosi ijayo nakuja na gari la jirani yetu Wesley kumchukua mama yangu, na atakayesimama mlangoni na utaratibu wake atanitambua.

Amos


Tahlequah
25 Oktoba 1994

Mjomba,

Usije. Nakuomba, na kama kuomba hakutoshi basi nakukataza, nikijua kabisa kwamba mpwa hamkatazi mjomba wake. Ukija utawaharibia watu wanaopekua makabati kule mashariki kwa niaba yetu, na milango ikifungwa haitafunguliwa tena.

Kuna karatasi nimeisaini, na kwa ajili yake siwezi kusema zaidi. Lakini hakuna karatasi inayonikataza kukumbuka mambo ya utotoni.

Nilipokuwa mdogo, baada ya mama kufariki, nilikuwa nachanganya vitenzi. Nilikuomba unipe paka, nikatumia kitenzi cha jiwe. Hukunigombeza. Ulitoka nje, ukarudi na jiwe lenye ukubwa wa paka, ukaniwekea mapajani, ukasema, "Haya, mbembeleze." Nikalia. Nikakuambia hiki si paka. Ukanijibu neno ambalo sijalisahau: "Ukitumia kitenzi hicho, umeomba paka ambaye hajawahi kuwa hai."

Tangu siku ile sijawahi kukosea, Mjomba. Hata mara moja. Wewe mwenyewe umenisikia miaka yote hii, mikutanoni, kanisani, kwenye mazishi.

Nilipokea nilichopewa.

Lorene


Persimmon Hollow
29 Oktoba 1994

Mwanangu,

Leo ni Jumamosi na sikuja.

Nilimsomea Dovie barua yako. Alikuwa anaponda karanga za supu. Akaweka mchi chini akasema, "Mimi nilijua tangu redioni. Nilidhani na wewe umejua, na hasira ndiyo kilio chako." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mtu akipata habari ya msiba hazungumzishwi, na kaburi walichimba ili siku mama atakapopatikana akute mahali pake. Kumbe wiki zote hizi bonde zima linanionea huruma, na mimi natembea huku na huku nikikutukana!

Mle kwenye masanduku hamna mtu.

Nimekwenda kaburini nikalifunika kwa mabati na mawe juu yake, mvua isije ikalijaza. Nilikaa pale. Sikuweza kusali, Lorene. Mdomo ulikataa, nikabaki natukana tu kwa lugha mbili.

Niambie walichokupa. Chana hiyo karatasi yao. Mimi si wa kufichwa, nimezika wenzangu kwenye matope ya Italia bila hata sanduku. Niambie.

Mjomba wako


Tahlequah
2 Novemba 1994

Mjomba wangu,

Nakuambia yote, na karatasi yao ikaliwe na panya.

Agosti tulikwenda kule kama kamati, Vickery akiwa mwenyekiti. Kabla ya kufunguliwa mlango tulipewa mkataba wa kunyamaza: tusaini, au makabati yabaki yamefungwa. Tukasaini. Wakatuonyesha masanduku yenye jina la bonde letu, yamepangwa vizuri, yana hata utepe. Dokta Pruitt, mkuu wa makumbusho, alikuwa anatabasamu kama mtu anayetoa zawadi ya harusi.

Nikaomba yafunguliwe. Nilikuwa natafuta mkono wa kushoto wa bibi, ule uliovunjwa na nyumbu wenu wa kulimia ukaunga vibaya, ulionisimulia. Mikono yote ilikuwa imenyooka. Nikainua taya moja. Chini ya kidevu palikuwa na mstari, umenyooka kama mshono wa suruali. Mfupa hauna mshono, Mjomba. Nikakwangua kwa ukucha, ukatoka unga mweupe.

Plasta. Sanduku baada ya sanduku la plasta, imepakwa rangi ya chai ili ionekane ya zamani. Walichukua watu wetu, wakatengeneza sanamu za mifupa yao kwa ajili ya kufundishia, na sasa wanaturudishia sanamu!

Nilimgeukia Pruitt. Alivua miwani, akaifuta, akasema mifupa yenyewe "inatafutwa", huenda iliazimwa, huenda iko ghala jingine, na kwamba hizi nakala zilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa, kwa hiyo kuzizika kungekuwa na maana kiishara. Kiishara! Nikamuuliza mama yake amezikwa wapi. Akanitajia makaburi ya mji fulani. Nikamuuliza, "Yumo yeye, au mmezika ishara?" Akaniambia nimepaniki.

Unajua kilichonichoma zaidi? Vickery alinivuta pembeni. Sherehe imeshatangazwa, akasema, wazee watafurahi, na hawa watu wameahidi nafasi za masomo kwa vijana wetu. "Tupokee tu, Lorene. Nani atajua?" Aliniambia hivyo mtu aliyezaliwa kwenye vilima hivihivi. Nimekaa naye Barazani miaka saba, nikavumilia pai zake na kelele zake, lakini pale nilitamani kumpiga na lile taya la plasta. Walitaka kutupiga changa la macho, na huyu wetu akashika mfuko wa changa.

Nikisema hadharani, msako wa mifupa yenyewe unasimama. Nikinyamaza, mnazika plasta na kuilia. Nilikosa usingizi wiki nzima. Halafu nikawaza: hakuna wakili wa kunishtaki kwa kitenzi. Wale wa mashariki watasikia sauti nzuri ya Kicherokee, watapiga makofi. Wenye lugha watasikia kwamba tumepewa mawe, na hawatayazika. Nilisimama nikasema. Mama Sallie Bearpaw alikuwa mstari wa mbele, anapiga makofi, na mikono yake ikasimama hewani. Alinitazama machoni. Nikataka kushuka jukwaani nimkumbatie.

Wewe sikukuambia kwa sababu ya moyo wako. Daktari wa zahanati alinionya. Nilidhani nitampata kabla ya majira ya kuchipua, nikuletee bibi mwenyewe, usijue kamwe kuhusu plasta. Sikufikiri kwamba utakuwa pale na shati jeupe.

Sasa basi. Jumatatu ya tarehe kumi na nne Baraza linakaa. Nitasimama, nitasema kwa lugha zote mbili, na sanduku moja nitaliweka mezani lililo wazi. Vickery atasema nimevunja mkataba, na ni kweli. Juni kuna uchaguzi na hili litanigharimu. Wako watu watakaosema nimewaharibia watoto wao masomo. Acha waseme. Sikuomba kura ili nipokee ishara.

Lorene


Ofisi ya Mkurugenzi wa Makumbusho
3 Februari 1995

Mpendwa Bwana Tehee,

Tunayo furaha kukufahamisha kwamba, kufuatia zoezi la kawaida la upangaji upya wa ghala letu, tumebaini kuwepo kwa mabaki ambayo huenda yakahusiana na eneo lako. Zoezi hili halina uhusiano wowote na matamshi ya kusikitisha yaliyotolewa na Bi. Ketcher katika Baraza na magazetini.

Ukiwa ndugu wa karibu aliye hai, unakaribishwa kufika tarehe 15 Machi kuchukua kipande tajwa. Utatakiwa kusaini hati ya mapokezi. Tunaandaa hafla fupi yenye viburudisho na mpiga picha, na tungefurahi kama ungetoa neno la shukrani kwa lugha yenu, ambayo wageni wetu waliipenda sana mara ya mwisho.

Kwa masikitiko, makumbusho haitampokea Bi. Ketcher, kwa kuwa alikiuka makubaliano aliyoyasaini.

Wako mwaminifu,
Dkt. Leland Pruitt


Tahlequah
12 Februari 1995

Mjomba,

Wesley amenionyesha barua yao. Nimeisoma nimesimama, maana nilijua nikikaa nitavunja kiti. "Kipande tajwa." "Zoezi la kawaida." Miezi mitatu ya magazeti kuwakalia kooni, na wao walikuwa wanafagia ghala tu!

Nenda. Usibishane nami kwa hilo. Wamenifungia mlango, na kamati nayo Vickery ameshanitoa. Kura zilikuwa nyingi upande wake. Nimefanya kazi hii miaka saba, nimewaandikia wale watu hadi vidole vikafanya sugu, na siku yenyewe sitakuwepo. Nakuambia wazi, nimelia. Nililia kwenye gari, nje ya zahanati, nikiwa na mabango ya kampeni kiti cha nyuma. Mwanamke mmoja alinigongea dirisha akidhani nimefiwa. Alipojua ni mimi, akaniambia mwanawe alikuwa kwenye orodha ya masomo yale. Akaondoka.

Hakikisha mkono, wa kushoto. Usikubali kufungiwa sanduku kabla hujaona. Na kama ni plasta tena, niite. Nitapita hata dirishani.

Mpwa wako,
Lorene


Motel kando ya barabara kuu, Missouri
Alhamisi, 16 Machi 1995

Mpwa wangu Lorene,

Gari la Wesley limekufa pampu ya maji na fundi anasema Jumatatu, kwa hiyo barua itatutangulia. Vizuri hivyo, maana haya nikiyasema mbele yako nitalia, na mbele ya Wesley nimeshalia vya kutosha.

Mama yuko hapa. Nimemweka kwenye kiti karibu na dirisha. Mhudumu wa motel aliuliza kama sanduku ni mzigo wa thamani, nikamwambia ni mama yangu, akacheka, kisha akaacha kucheka, akaleta mto wa ziada.

Jana tulifika, Pruitt akatupokea na tai yake. Kulikuwa na meza ya biskuti, maua, watu wenye vikombe, na mpiga picha aliyekuwa akirudi kinyumenyume mbele yangu. Nikamwambia asogee. Pruitt akasema tuanze na hafla. Nikasema tuanze na mama yangu. Wakanishusha chini, kwenye chumba kama cha kuhifadhia nyama, sanduku likawekwa mezani. Nikaomba lifunguliwe. Akasema si kawaida kwa familia kutazama, inaumiza. Nikamwambia kuumia niliumia mwaka arobaini na sita, fungua.

Akafungua. Nikauona mkono, Lorene, umepinda palepale chini ya kiwiko. Mimi ndiye niliyekimbia kumwita baba siku nyumbu alipompiga teke. Alifungiwa mkono kwa mbao za pipa na kesho yake akakanda unga kwa mkono mmoja huku akiimba. Wakati wote huo walikuwa naye kwenye droo, wameandika namba kwa wino juu ya mfupa uleule ulionishika shingoni nikijifunza kutembea. Namba ya wino!

Pruitt akanisogezea hati. Imeandikwa: amepokea kipande kimoja. Nikamuuliza, "Nani alisaini mlipomchukua?"

Akasema, "Bwana Tehee, hiyo ilikuwa zamani sana."

"Nani alisaini?"

"Hakuna kumbukumbu."

"Basi mtafute huyo kwanza. Akisaini yeye, mimi nitasaini chini yake."

Alidhani natania. Akatabasamu. Akaniambia sheria za makumbusho haziruhusu kitu kutoka bila saini. Nikamwambia hakuna kitu kinachotoka. Nikafunga mfuniko, nikambeba mama yangu, nikapanda ngazi. Juu mlangoni alikuwepo mlinzi, mtu mweusi, mtu mzima kama mimi. Pruitt akampigia kelele kutoka chini. Mlinzi akanitazama, akatazama sanduku, akavua kofia, akanifungulia mlango. Sijui jina lake. Namwombea kazi yake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito, lakini hakuwa na uzito. Alikufa ana miaka arobaini na moja. Mimi sasa ningeweza kuwa baba yake. Wesley akaja na kamba amfunge nyuma ya gari. Nikamwambia mama hakai nyuma. Tumemkalisha katikati yetu na nimemweleza habari njia nzima. Nimemwambia shamba lake la mahindi liko chini ya maji na watu wenye mashua wanavua samaki juu yake. Nimemwambia binti yake alifariki na wapi tumemlaza. Kisha nikamwambia habari zako: zahanati, barabara, walimu na chumba chao kinachovuja, na ulivyosimama mbele ya watu wenye suti ukawaambia kwa kitenzi kimoja kwamba ni wezi, nao wakapiga makofi. Hapo nilicheka hadi Wesley akapunguza mwendo. Halafu nikamwambia walivyokufungia mlango, na hasira ikanirudia upya. Wewe ndiye uliyepaswa kupanda zile ngazi.

Pruitt alitufuata hadi kwenye gari. Akasimama dirishani, akanyoosha mkono, akangoja. Wewe unanijua, mimi huwashukuru hata wanaonikanyaga. Nimesema wado kwa daktari aliyenipasua mguu kimakosa, nimesema kwa askari aliyeniandikia faini. Yule nilimtazama mkono wake mpaka akaurudisha mfukoni mwenyewe.

Juni wakitaka kukunyima kura wakunyime, wilaya nzima itajua imemnyima nani. Mimi nitasimama pale shuleni na nitasema, na safari hii sitatoka nje.

Jumatano tunazika. Usije na suti ya Baraza, njoo na viatu vya matope. Nimewakataza wanaume wasiguse mabati wala wasiingie kaburini. Atakayeshuka ni wewe. Walikuzuia kwenda kumtoa, lakini hapa kwetu hakuna wa kukuzuia kumlaza. Uje mapema.

Mjomba wako,
Amos Tehee